Kabla hujaanza kutafuta x, itafute sifuri kwanza

Vijana wanaokuja twisheni huku Mbagala na Temeke kujiandaa na mtihani wa kidato cha pili, wengi njia ya kutatua mlinganyo kwa vigawo wanaijua: weka vigawo kwenye mabano, kila bano lifanye sawa na sifuri, pata x. Shida iko kabla ya hapo.

Kubwa kuliko yote, tazama upande wa kulia. Pana sifuri? Namba mbili zikizidishwa zikatoa sifuri, lazima mojawapo iwe sifuri, na njia nzima imesimama hapo. Sita haina tabia hiyo: ni 2 × 3, ni 1 × 6, hata ½ × 12. Basi ukikuta (x − 3)(x + 2) = 6, usikimbilie kuandika x − 3 = 6 na x + 2 = 6. Swali hili lina ujanja wake, maana ukienda hivyo utapata 9 na 4, na hiyo 4 ni jibu kweli, ila kwa kubahatisha. Mtu akiona moja imekubali, anaiamini njia mbovu mwaka mzima. Fungua mabano, hamisha 6 upate x² − x − 12 = 0, kisha (x − 4)(x + 3) = 0. Majibu ni 4 na −3.

Usigawe kwa x. Kwenye x² = 7x, ukikata x pande zote unabaki na 7, na 0 imekwenda na maji. Andika x(x − 7) = 0.

KKS (kigawo kikubwa cha shirika) itoke mapema. Katika 3x³ − 12x = 0 toa 3x, ndani inabaki x² − 4, yaani (x − 2)(x + 2). Kipeo kikubwa ni 3, kwa hiyo majibu hayazidi matatu: 0, 2 na −2. Ile 3 ya mbele haizai jibu lolote.

Alama nazo: x + 5 = 0 inatoa −5.

Kwenye maswali ya maneno, soma kinachopimwa. Fremu ya duka Kariakoo yenye eneo la mita za mraba 28, urefu ukizidi upana kwa mita 3, upana ukiuita x, inaleta x(x + 3) = 28, na x ni 4 au −7. Hakuna fremu yenye upana hasi, kwa hiyo −7 ikate na uandike sababu. Ukihakiki, rudisha jibu kwenye mlinganyo wa swali lenyewe, siyo ule ulioupanga upya, kwa sababu kosa la kuhamisha namba linajificha hapo katikati.