Mjusi mifupa imelegea? Anza na kizimba

Wadau mnaofuga wale mijusi wa Australia wenye ndevu, wangu alianza kutetemeka vidole na taya likawa laini kama mpira, daktari wa mifugo akasema ni upungufu wa kalsiamu, dawa akatoa yeye ila kizimba nikabadilisha mwenyewe. Mchanga toa wote tandika tishu za jikoni, maana hana nguvu ya kujiinua ataumeza tu. Matawi ya juu nayo ondoa, mifupa ikiwa hivyo akidondoka kidogo tu inaweza kuvunjika, muwekee jiwe bapa hapo chini aote joto, nyuzi 38 hadi 40, upande wa pili pawe poa kama 26 hivi. Ila ukishushia jiwe chini ujue taa ya UVB (ile ya miale kama ya jua, inayomsaidia mwili kutumia kalsiamu) imekuwa mbali, ishushe nayo, na isipitie kwenye kioo maana kioo kinazuia ile miale. Halafu ibadilishe kila miezi 6 mpaka 12 hata kama bado inawaka, maana miale huisha kabla ya mwanga, mi hapo ndo nilijichanganya, naona mwanga nadhani mambo safi kumbe mjusi anaisha. Maji weka kwenye kifuniko cha kopo la siagi, anakunywa hata akiwa amelala tumbo.