Kuseti chasisi ya gari la dragi kwa lami yetu ya Uganda

Vitabu vingi vya chasisi ya dragi, yaani mbio fupi za mstari mnyoofu, vimeandikwa na Wamarekani, na viwanja vyao hupuliziwa gundi kabla ya mbio. Ukikanyaga, kiatu kinanata. Hapa kwetu tunakodi kipande cha lami kwa siku moja. Magari yanaingia kutoka pembeni na vumbi la marram, udongo mwekundu wa barabara zetu, kwenye matairi, na mvua ya alasiri ikinyesha mnasubiri hadi pakauke. Hesabu za kitabu ni za kweli, ila zote zinaanzia kwenye mshiko ambao sisi hatuna. Imenichukua msimu mzima kulielewa hilo, na ndilo ninalotaka ulishike kabla hujagusa spana.

Gari langu ni Corolla KE70 yenye injini ya 4A-GE niliyoifunga turbo. Ekseli ya nyuma ni nzima, yaani bomba moja linalounganisha magurudumu mawili, imeshikwa na mikono minne na springi za koili. Kama una Subaru au Mark II yenye ekseli huru nyuma, hatua ya tatu na ya nne hazikuhusu jinsi zilivyo, nyingine zinakufaa.

Hatua ya 1: Pima uzito wa kila gurudumu

Mizani ya magari ni ghali. Mimi natumia mizani ya kawaida ya kupimia watu, inayofika kilo 150, na chaneli nene ya chuma niliyokatiwa Katwe, Kampala. Ncha moja ya chaneli ikae juu ya tofali, nyingine juu ya mizani, urefu kati yake sentimita 150. Tairi likanyage sentimita 50 kutoka kwenye tofali. Hapo mizani inabeba theluthi moja tu, kwa hiyo zidisha mara tatu, baada ya kutoa kilo ambazo chaneli yenyewe ilionyesha ikiwa tupu. Magurudumu mengine matatu yainue kwa mbao hadi kimo kilekile, la sivyo namba zitakudanganya. Dereva akae ndani, na mafuta yawe ya siku ya mbio.

Langu lilitoa kilo 1,000 kamili: 550 mbele, 450 nyuma.

Hatua ya 2: Piga hesabu, kisha uiulize lami

Uzito unaohamia nyuma unapoondoka ni uzito wa gari, mara mchapuko kwa g (g moja ni mchapuko wa kitu kinachoanguka), mara kimo cha kitovu cha uzito, gawanya kwa umbali kati ya ekseli mbili. KE70 ina mita 2.4 kati ya ekseli. Kimo nimekadiria mita 0.5. Kwa mchapuko wa 0.5 g: 1,000 × 0.5 × 0.5 ÷ 2.4 = kilo 104. Nyuma sasa inabeba 554.

Tazama vizuri fomula hiyo: springi hazimo, shokapu hazimo. Mafundi wengi, hata wale ninaowaheshimu sana pale Ndeeba, wanaamini springi laini za mbele "zinaleta uzito nyuma". Springi na shokapu zinaamua uzito ufike kwa haraka au polepole. Hazibadilishi kiasi chake. Kiasi kinatokana na mchapuko.

Na mchapuko unatokana na mshiko. Ili kupata 0.5 g, matairi mawili yenye kilo 554 juu yake lazima yasukume kwa nguvu ya kilo 500, yaani mshiko wa 0.9. Lami safi na tairi zuri la barabarani vinaweza kukupa hiyo. Lami yenye vumbi haiwezi. Tairi likiteleza, mchapuko unashuka, uzito unarudi mbele, na tairi linateleza zaidi. Kitabu kinakufundisha kuupiga uzito nyuma kwa kishindo. Kwetu kazi ni kuuleta bila kulishtua tairi.

Hatua ya 3: Mikono ya nyuma

Hapa ndipo nilipopotea. Ukitazama gari kwa ubavu, vuta mstari wa mkono wa chini na wa juu kwenda mbele hadi zikutane. Sasa vuta mstari kutoka tairi la nyuma linapogusa lami kupitia makutano hayo. Ukifika juu ya ekseli ya mbele kwenye kimo kilekile cha kitovu cha uzito, hiyo ni asilimia 100: mkia haukai wala hauinuki. Ukipita juu yake, mkia unainuka na tairi linabanwa chini kwa nguvu.

Nilichomelea kwenye ekseli vishikio vyenye matundu matatu, kila moja sentimita 2.5 chini ya jingine, nikafunga mikono ya chini kwenye tundu la mwisho kama kitabu kilivyosifu. Mkia uliruka kweli. Kwenye video tairi linajikunja vizuri mwanzoni, halafu bodi ikifika mwisho wa kupanda, tairi linalegea na kuanza kuchoma.

Nilirudi tundu la kati, chini kidogo ya asilimia 100. Mkia sasa unakaa kidogo, na tairi linabebeshwa taratibu. Anza hapo. Tundu la chini liache kwa siku utakayopata lami inayonata.

Vishikio achomelee fundi unayemwamini kwa maisha yako, na bolti ziwe zenye alama 10.9. Za bei rahisi ulizookota soko la Kisekka bila alama, usiziweke hapo.

Hatua ya 4: Tairi la kulia

Kijana wangu wa gereji ndiye aliyeliona. Tulikuwa tunarudi kwa miguu kutoka mstari wa kuanzia, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye alama nyeusi.

"Mzee, la kulia limeandika peke yake. La kushoto halijaandika kitu."

Alikuwa sahihi. Propela inaposukuma, inaizungusha ekseli nzima: upande wa kushoto unakandamizwa, wa kulia unanyanyuliwa. Difu ya kawaida, giya zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, inapeleka nguvu kwa lililo jepesi. Niliweka mpira wa hewa ndani ya springi ya kulia, nikaanza na psi 5 na kupanda kidogo kidogo hadi alama mbili zikalingana. Usizidishe, gari litaanza kuvuta upande.

Hatua ya 5: Upepo na shokapu

Upepo wa matairi ya nyuma anza na psi 28, punguza mbili mbili. Chora mstari wa chaki kukata uso wa tairi, sukuma gari mita chache, uone chaki imefutika wapi. Ikibaki katikati, umepunguza mno. Mimi nakaa 22. Chini ya 20 na matairi ya barabarani, mkia ulianza kuyumba giya ya tatu, nami sitarudia.

Shokapu za mbele zikaze kidogo kwenye mwendo wa kutanuka, ili pua isiinuke kwa ghafla.

Hatua ya 6: Pima mita 18.3 tu

Weka koni mita 18.3 kutoka mstari wa kuanzia. Hizo ni futi 60 za Wamarekani. Rekodi kwa simu ya picha 240 kwa sekunde, na uzihesabu tangu tairi linapoanza kusogea. Muda wa mwisho wa mbio unachanganya injini, giya na dereva. Hizi mita za mwanzo ni za chasisi. Badilisha kitu kimoja, kimbia mara tatu, andika. Na fanya hivyo mahali palipofungwa, si barabara ya Northern Bypass usiku. Huko kuna boda boda na watu wanaovuka.

Daftari langu, tundu la chini: sekunde 2.98, sawa na wastani wa 0.42 g. Tundu la kati, mpira wa hewa kulia, psi 22: sekunde 2.74. Injini sikuigusa.