Somo: Kuchora ukuta wa mtaa wenye pande mbili

Somo hili ni la vikundi vya Mtwara Mjini, Mikindani na Lindi vinavyotaka kuchora ukuta unaotazamwa kila siku na watu wasioelewana: kijiwe cha chama hiki upande huu, tawi la chama kile ng'ambo ya barabara, Simba na Yanga katikati yao. Hesabu zote ni za ukuta wa mita 8 kwa 3, wa tofali za saruji zilizopigwa plasta.

Hatua ya 1: Kikao

Mchoro ambao upande mmoja haukuulizwa hurushiwa oili chafu usiku, na oili chafu ikishanyonywa na plasta haitoki. Kwa hiyo kikao ni sehemu ya ufundi, siyo adabu tu.

Waiteni mwenye ukuta, mwenyekiti wa mtaa, mjumbe, wawili kutoka kila kijiwe, kina mama wa vikoba, na wazee wanaosikilizwa na pande zote. Pelekeni rasimu tatu. Mkipeleka moja, watu wataona mmekwisha kuamua bila wao. Kila upande upewe haki ya kufuta kitu kimoja, kwa sharti la kutaja kitakachokaa mahali pake. Muhtasari utiwe sahihi na wote, nakala ibaki kwa mtendaji wa mtaa, kisha ombeni kibali Manispaa. Mwenye ukuta aandike ameruhusu kwa miaka mingapi.

Sura ya mwanasiasa aliye hai isiingie, hata kama leo anapendwa na kila mtu. Nembo ya kampuni iliyotoa rangi nayo iachwe, maana ukuta unaweza kuhesabiwa bango la biashara.

Hatua ya 2: Rangi zinazosema kabla ya picha

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Angalieni Ireland Kaskazini, ambako kuta zimechorwa kwa zaidi ya karne moja. Huko Waprotestanti wengi wanataka kubaki na Uingereza, na Wakatoliki wengi wanataka kuungana na Ireland. Upande wa Waprotestanti ulianza na Mfalme William, mfalme Mprotestanti wa karne ya 17, juu ya farasi mwaka 1908 mjini Belfast. Upande wa Wakatoliki michoro ilishamiri mwaka 1981, wafungwa kumi walipokufa kwa kugoma kula. Na hata pasipo na picha, kingo za barabara zilipakwa nyekundu, nyeupe na bluu za bendera ya Uingereza mtaa huu, kijani, nyeupe na chungwa za bendera ya Ireland mtaa ule. Mpita njia alijua yuko kwa nani kwa kutazama chini tu.

Kwetu ni vilevile. Kijani na njano zikikaa pamoja ni CCM, na ni Yanga pia. Nyekundu na nyeupe ni Simba. Bluu, nyeupe na nyekundu ni CHADEMA. Zambarau ni ACT-Wazalendo. Mtego mkubwa wa huku kusini ni mkorosho: majani ya kijani kibichi na mabibo ya njano, tayari mmechora bendera bila kukusudia. Mabibo yawe mekundu yanayoelekea chungwa, na kila lita ya kijani itiwe mililita 150 za kahawia, kidogo kidogo, mpaka ifanane na jani la mkorosho lililokomaa. Bahari iwe bluu ya kijivu. Udongo mwekundu na kahawia ya mpingo havina chama, na vinyago vya Kimakonde vya watu waliobebana vinatosha kujaza ukuta mzima bila neno moja.

Rangi za asili ya udongo (nyekundu ya tofali, manjano ya udongo, kahawia) hustahimili jua kwa miaka mingi. Waridi na nyekundu kali za bei nafuu hupauka mapema, basi msiziweke kwenye sehemu inayobeba maana.

Hatua ya 3: Kupima ukuta

Plasta mpya isubiri siku 28. Bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ziba kingo zote kwa tepu, iache usiku kucha. Ukikuta matone ndani, ukuta bado una maji. Subirini, la sivyo rangi itatoa malengelenge.

Huku pwani adui mkubwa ni chumvi, hasa plasta ikiwa ya mchanga wa baharini. Unga mweupe ukijitokeza, usimwagie maji kwanza: chumvi itayeyuka na kurudi ndani. Ipigeni brashi ngumu ukuta ukiwa mkavu, fagieni, ndipo muoshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Unga huo ukirudi baada ya wiki mbili, ujue maji yanapanda kutoka chini, na msingi utengenezwe kwanza.

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Ukuta unaotazama kusini hupata kivuli Juni na Julai. Ukuta wa magharibi upakwe asubuhi, wa mashariki upakwe mchana.

Hatua ya 4: Vifaa

Ukuta ni mita za mraba 24. Kwenye plasta yenye mikwaruzo, lita moja hufunika kama mita za mraba 8.

Praima inayostahimili alikali (ukali wa saruji), mkono mmoja, yaani kupaka mara moja: lita 3. Rangi nyeupe ya maji ya nje, mikono miwili: lita 6. Nunueni galoni mbili za lita 4, lita mbili zinazobaki ni za kuchanganyia. Rangi za kuchorea: lita 7 kwa jumla, nyingi zikiwa za mandhari. Vanishi ya maji isiyong'aa, mikono miwili: lita 6. Ongezeni rola mbili, brashi za inchi 1, 2 na 4, msasa, tepu, uzi na chaki. Jukwaa la mirunda lifungwe ukutani. Ngazi peke yake haimtoshi mtu anayechora kwa muda wa saa tano.

Hatua ya 5: Kuhamisha picha

Chora rasimu kwa kipimo cha 1 kwa 20: sentimita 40 kwa 15. Gawa miraba ya sentimita 2.5. Ukutani piga uzi wenye chaki kila sentimita 50, upate miraba 96, na uipe namba. Chora mraba kwa mraba, kisha nenda ng'ambo ya barabara utazame kabla ya kupaka chochote.

Anzeni juu kushuka chini, vya mbali kabla ya vya karibu, maandishi mwisho. Kila sentimita 10 za urefu wa herufi husomeka vizuri kutoka mita 12 hivi. Sentimita 60 za chini ziwe kahawia tupu, kwa sababu ya matope ya mvua na migongo ya watu wanaoegemea. Vanishi baada ya siku tatu kavu. Ikipakwa kwenye unyevu huwa nyeupe kama maziwa.

Wekeni mililita 250 za kila rangi kwenye makopo yaliyoandikwa, kwa mtu anayeaminika na pande zote.

Maswali ya wanachama

*Habari za kazi fundi. Huku Chikongola mchoro umepakwa masizi usiku. Tufanye nini?*

Nzuri ndugu. Masizi yaosheni kwa sabuni ya unga na sponji laini; vanishi ndiyo kinga yenu. Rekebisheni ndani ya siku mbili, na kabla hamjapaka kaeni tena na pande zote. Kilichopakwa masizi ndicho kinachobishaniwa: kikiwa ni kitu kimoja tu, badilisheni hicho.

*Shikamoo mwalimu. Tuna ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe Mikindani.*

Marahaba. Usipake rangi ya maji ya dukani. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Ukiuziba, maji hubaki ndani na plasta hubanduka vipande vizima. Tumieni chokaa iliyolowekwa, yenye rangi ya udongo. Na ulizeni watu wa mambo ya kale kwanza.

*Dada wa Lindi hapa. Kwa nini tusitumie rangi ya mafuta kama wachoraji wa Tingatinga?*

Dada, wale huchora juu ya ubao au turubai, siyo saruji. Alikali ya saruji hugeuza mafuta kuwa sabuni: rangi hunata, kisha hubanduka.

*Vijana wa Mtwara wanataka kuchora mambo ya gesi ya 2013, zile vurugu za kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Ni salama?*

Watu walikufa na majengo yalichomwa, kwa hiyo anzeni na familia, siyo rasimu. Familia moja ikikataa jina lao, liachwe. Huko Derry, mji wa Ireland Kaskazini, kuna ukuta wa Annette McGavigan, msichana wa miaka 14 aliyeuawa kwa risasi mwaka 1971. Ulipochorwa mwaka 1999 kipepeo aliachwa bila rangi. Mwaka 2006 akapakwa, na bunduki iliyo kando yake ikachorwa ikiwa imevunjika. Nanyi acheni miraba minne mitupu upande wa juu kulia, na muhtasari useme ni nani watakaokaa kuamua ijazwe nini, na mwaka gani.