Somo: Usimamizi wa vihatarishi na mpango wa dharura katika kampuni kubwa, kwa mifano ya Mtwara na Lindi

Ndugu wanachama, wengi wetu tulioajiriwa katika makampuni makubwa ya Kusini, yawe ya saruji, ya gesi, ya korosho au ya usafirishaji, tumeliona jalada lililoandikwa «Mpango wa Dharura» likikaa kabatini miaka na miaka bila kufunguliwa. Nimeandika somo hili kwa sababu naamini jalada hilo lina faida kubwa kwa kampuni, mradi liandikwe na idara zote kwa pamoja na lijaribiwe kabla ya siku ya shida.

Hatua ya kwanza: Anza na malengo ya kampuni

Mwongozo wa kimataifa wa ISO 31000, uliotolewa mwaka 2009 na kurekebishwa mwaka 2018, unakieleza kihatarishi kuwa ni athari ambayo hali ya kutokuwa na uhakika huyaletea malengo. Maana yake ni kwamba usiyeyajua malengo ya mwaka huwezi kuvijua vihatarishi vyake. Kampuni ya kubangua korosho ambayo lengo lake ni kununua mzigo wote wa mwaka katika minada inayoanza Oktoba ina kihatarishi cha bei na cha sera ambacho kampuni ya saruji haina. Wanaokumbuka msimu wa 2018/2019, wanunuzi binafsi walipotoa bei ndogo na Serikali ikatangaza mwezi Novemba kwamba itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajua jinsi hesabu za msimu mzima zinavyoweza kubadilika ndani ya siku chache.

Hatua ya pili: Weka madaftari ya idara zote juu ya meza moja

Hatua hii naipa uzito kuliko zote. Katika kampuni moja kubwa niliyowahi kuitumikia hapa Mtwara, kila idara ilikuwa na daftari lake la vihatarishi, na kila moja lilionekana limekamilika. Idara ya usafirishaji iliandika kwamba barabara ya Dar es Salaam ikikatika, nyaraka za mizigo na za malipo zitatumwa kwa mtandao. Idara ya tehama nayo iliandika kwamba mtandao ukikatika, nyaraka zitapelekwa Dar es Salaam kwa gari. Hakuna aliyekosea katika idara yake, lakini kila mmoja alikuwa ameegemea ukuta wa mwenzake, na hatukulijua hilo mpaka siku tulipoyasoma madaftari mawili pamoja.

Mwezi Mei 2024 ulionyesha kwamba jambo hilo si la kufikirika. Mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya, kilichofika pwani yetu tarehe 4, zilikata barabara kuu eneo la Somanga wilayani Kilwa. Kisha tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu na huduma ikayumba Afrika Mashariki. Kampuni inayovitazama vihatarishi kwa umoja wake hujiuliza ni vipi vinaweza kufuatana au kutokea pamoja, na hapo ndipo inapoizidi kampuni yenye madaftari kumi yasiyosomana.

Hatua ya tatu: Pima uzito

Kila kihatarishi kipewe alama ya uwezekano wa kutokea na alama ya madhara yake, kisha vipangwe kwa uzito. Msipoteze wiki mbili mkibishana kama alama ni tatu au nne, kwa kuwa kinachotakiwa ni kujua vipi vinapewa fedha na muda kwanza.

Hatua ya nne: Kila kihatarishi kipate mwenyewe na dalili ya mapema

Mwenyewe awe mtu mmoja mwenye cheo na bajeti ya kuchukua hatua, na ajue ni dalili gani ikionekana anatakiwa aanze kazi. Tarehe 17 Machi 2000 radi ilisababisha moto mdogo katika kiwanda cha Philips kilichoko Albuquerque, Marekani, kilichotengeneza vipuri vya kielektroniki vya simu za Nokia na Ericsson. Moto ulizimwa haraka, lakini moshi na maji viliharibu vyumba vinavyotakiwa kuwa safi kupita kiasi. Nokia ilishtuka mapema, ikapeleka wataalamu na kutafuta vipuri kwingine. Ericsson ilichelewa kuona ukubwa wa jambo, haikuwa na muuzaji wa pili, na ikapata hasara ya takriban dola milioni 400. Moto ulikuwa uleule kwa wote wawili, tofauti ikawa kwa aliyeipokea taarifa na mamlaka aliyokuwa nayo.

Hatua ya tano: Andika mpango wa dharura wa mahali penu

Mtambo wa kuchimba mafuta baharini wa Deepwater Horizon ulipolipuka mwezi Aprili 2010 na kuua wafanyakazi 11, ilibainika kwamba mpango wa kampuni ya mafuta ya BP wa kukabiliana na mafuta yakimwagika katika Ghuba ya Mexico ulitaja kuwalinda walrasi, wanyama wa bahari za barafu ambao hawaishi katika ghuba hiyo. Mpango ulionakiliwa kutoka kwingine hujitambulisha siku mbaya kuliko zote.

Mpango wa Mtwara utaje ya Mtwara: nani atawasiliana na kamati ya maafa ya wilaya, nani ataipigia Zimamoto namba 114, mafuta ya jenereta yanatosha siku ngapi ikiwa malori hayapiti, na wafanyakazi wa zamu watalala wapi. Utaje pia mipaka ya uamuzi. Kwa mfano, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo wa kiwango mlichokubaliana, mkuu wa zamu asimamishe kreni papo hapo bila kungoja kibali kutoka makao makuu. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kikielekea upande wetu kabla ya kupiga Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma, saa za kujiandaa zilikuwa chache mno kwa mtu anayesubiri sahihi ya bosi aliyeko safarini.

Hatua ya sita: Fanyeni zoezi

Baada ya shambulio la bomu la mwaka 1993 katika majengo ya World Trade Center jijini New York, Rick Rescorla, mkuu wa usalama wa benki ya Morgan Stanley iliyokuwa na ofisi humo, aliwazoesha wafanyakazi kushuka ngazi mara kwa mara, hata walipochoka na kulalamika. Tarehe 11 Septemba 2001, majengo hayo yalipogongwa na ndege, wafanyakazi wapatao 2,700 walitoka salama. Yeye alirudi ndani kutafuta waliobaki, akafa humo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Masasi: Shikamoo mwalimu. Menejimenti yetu inasema tuna bima, kwa hiyo kazi hii ni gharama ya bure. Niwajibuje?

Jibu: Marahaba. Waombe wausome mkataba wa bima pamoja nawe. Bima nyingi za kusimama kwa biashara hulipa pale mali yenyewe ya kampuni ilipoharibika. Barabara ikikatika kilomita 200 kutoka ghalani huku ghala likiwa zima, huenda msilipwe kitu. Hata mnapolipwa, mteja aliyehamia kwa mwingine harudishwi na hundi ya bima.

Mwanachama wa Lindi mjini: Je, daftari la vihatarishi la kampuni likae kwa mkaguzi wa ndani?

Jibu: Hapana, dada. Mkaguzi akilitunza na kulijaza mwenyewe, atakuwa anaikagua kazi ya mkono wake. Mratibu wa vihatarishi alitunze, wakuu wa idara wavimiliki vihatarishi vyao, mkaguzi apime kama mfumo unafanya kazi, na bodi isomewe vile vizito kila robo mwaka.

Mwanachama wa Kilwa Masoko: Kwetu wafanyakazi wanaficha habari mbaya kwa kuogopa barua ya onyo. Mfumo huu utafaa nini?

Jibu: Swali lako limegusa mzizi wa jambo, kaka. Pale mtoa taarifa anapoadhibiwa, daftari hujaa vihatarishi visivyomkera mtu yeyote. Anzeni na taarifa za ajali zilizonusurika, kama bomba lililovuja kidogo likazibwa au lori lililokaribia kupinduka. Mkurugenzi azipokee mbele ya watu, amshukuru aliyezileta, na baada ya wiki aeleze kilichorekebishwa. Nimeona watu wakianza kusema mwezi wa pili au wa tatu, mara tu walipoona wa kwanza hakuandikiwa barua.

Mwanachama wa Newala: Zoezi la kwanza lichukue muda gani?

Jibu: Asubuhi moja inatosha. Waiteni wakuu wa idara kwenye zoezi la mezani, wapeni tukio moja, mathalani barabara imekatika Somanga na umeme umezimika, kisha kila saa moja ongezeni taarifa mpya. Katibu aandike kila mahali mtu anaposema «nilidhani idara fulani inashughulikia». Orodha hiyo ndiyo kazi yenu ya mwezi unaofuata.