Namna ya Kupata Ufundi Unaolipa Nairobi: Anza na Kazi, Chuo Kifuate

Vijana wengi wa Nairobi wanaotafuta ufundi huuliza kwanza ni chuo kipi kina nafasi, ilhali swali linalostahili kutangulia ni nani atakayewalipa wakishahitimu. Kabla hujalipa karo, tenga wiki moja ya kuwatembelea mafundi mahali wanapofanyia kazi: Kamukunji kwa wafua mabati, Kariobangi Light Industries kwa wachomeleaji, na Barabara ya Kirinyaga kwa wanaoshughulika na magari. Usiwaulize kama kazi ipo, kwa kuwa kila mmoja atakuambia hali ni ngumu. Waulize ni kazi gani walizozikataa mwezi uliopita kwa kukosa mtu wa kuzifanya. Fundi anayewarudisha wateja kwa sababu hana mtu wa kuunganisha nyaya za lango la umeme atakuwa amekuonyesha pengo ambalo hutaliona katika tangazo la chuo chochote.

Ukishachagua fani, hakikisha kwamba chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia mafunzo ya kiufundi chini ya sheria ya mwaka 2013, kisha uombe kuingia karakana siku ya kawaida ya masomo. Ikiwa unataka kujifunza kuchomelea, usivutiwe na mashine mpya zilizopangwa ukutani. Chungulia pipa la vyuma chakavu. Pipa lililojaa vipande vilivyotoboka na mishono iliyovimba ni dalili njema, maana linaonyesha kwamba wanafunzi wanaachwa wakosee kwa mikono yao wenyewe. Pipa tupu lina maana kwamba wanaandika tu daftarini. Karo ikikushinda, HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hutoa mikopo kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia, ingawa ni deni utakalolilipa.

Kuna kundi jingine ambalo kwa maoni yangu husahauliwa: vijana waliojifunza kazi kwenye vibanda vya jua kali kwa miaka kadhaa bila kupata karatasi yoyote. Kijana wa aina hiyo hana haja ya kuanza upya darasani. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Kiviwanda, NITA, yenye makao yake hapa Nairobi, huandaa mitihani ya ufundi ya gredi ya 3, ya 2 na ya 1, ambapo gredi ya 3 ndiyo ya kuanzia. Kinachowaangusha wengi si mikono mizito bali ni mazoea ya kibandani, ambako mtu hukadiria kwa jicho na kumalizia kwa nyundo. Wiki kadhaa kabla ya mtihani, jizoeze kusoma mchoro, kupima kwa milimita, kutaja kila kifaa kwa jina lake rasmi, na kumaliza kazi kwa muda uliowekwa.

Cheti kikishapatikana, wawili au watatu wenye fani zinazosaidiana wanaweza kuanzisha karakana yao. Serikali hutenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO, na inafaa kujisajili. Hata hivyo, malipo ya serikali yanaweza kuchelewa, na karakana changa haiwezi kulipa kodi ya kibanda kwa ahadi. Ni heri kuanza na wenye nyumba za kupangisha mtaani kwenu. Unapomwandikia mteja bei ya grili ya dirisha, orodhesha vyuma kwa mita, vijiti vya kuchomelea, diski za kukatia, rangi, usafiri wa mkokoteni na siku za kazi, kwa kuwa diski na mkokoteni ndivyo anayeanza husahau na kuishia kuvilipia kutoka mfukoni mwake. Kisha umwombe malipo ya awali yanayotosha kununua vifaa vyote, na usikate chuma hata kimoja kabla hayajaingia.