Gia za Baiskeli ya Mbio kwa Anayeanza: Chagua kwa Kuangalia Iliyo Nyepesi

Mtu anayenunua baiskeli ya mbio kwa mara ya kwanza hapa Tanga huuliza ina gia ngapi, naye akiambiwa 16, 18 au 22 huondoka akiamini kwamba zikiwa nyingi ndiyo bora. Swali la maana ni jingine: ile gia nyepesi kuliko zote ni nyepesi kiasi gani? Gia nzito hazimsumbui mnunuzi, kwa sababu karibu kila baiskeli ya mbio inazo za kutosha na kubaki.

Uzito wa gia hupatikana kwa kugawanya meno ya sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya mbele kwa meno ya sproketi ya nyuma. Mbele kukiwa na meno 50 na nyuma 25, gurudumu la nyuma huzunguka mara 2 kwa kila mzunguko mmoja wa pedeli. Jibu likipungua, pedeli hulainika na mwendo nao hushuka.

Usitegemee kumbukumbu ya muuzaji. Omba kitambaa chenye mafuta ya taa, futa grisi nyeusi iliyoganda, tia alama ya chaki kwenye jino moja, kisha hesabu polepole mpaka urudi kwenye alama. Mara nyingi idadi yenyewe imegongwa kwenye chuma, lakini baiskeli ya mtumba huenda ilikwisha kubadilishwa sproketi, kwa hiyo hesabu zote, za mbele na za nyuma. Kuna na kipimo cha pili, ambacho mimi nakiamini zaidi kwa kuwa hakihitaji hesabu. Weka cheni kwenye sproketi ndogo kabisa ya mbele na kubwa kabisa ya nyuma, chora mstari wa chaki sakafuni pale tairi la nyuma linapogusa, sukuma baiskeli mbele mpaka pedeli ikamilishe mzunguko mmoja, kisha pima umbali ambao tairi limekwenda. Kwa anayeanza, umbali huo usizidi sana mita 2 na nusu.

Baiskeli zilizotengenezwa kwa ajili ya washindani huwa na sproketi za mbele za meno 53 na 39, na nyuma kubwa kuliko zote huishia 23 au 25. Hiyo ndiyo niliyonunua mimi. Katika mitaa ya Ngamiani, ambako barabara ni tambarare, sikuona kasoro yoyote. Kasoro niliiona nilipopanda milima ya Usambara, kutoka Mombo kwenda Soni. Gia yangu nyepesi ilikuwa 39 kwa 23, yaani zaidi ya mita 3 na nusu kwa kila mzunguko, na ili kuzungusha pedeli mara 60 kwa dakika ilinipasa kwenda karibu kilomita 13 kwa saa mlimani, mwendo ambao miguu yangu haikuuweza. Nilisimama juu ya pedeli kila kona, na magoti yaliniuma kwa wiki mbili. Anayeanza anafaa kutafuta 50 na 34 mbele, na nyuma kuanzia 11 hadi 28, au hadi 32 ikiwezekana. Kwa 34 na 32, mizunguko ile ile 60 humpeleka kwa kilomita 8 hivi kwa saa, naye hupanda akiwa ameketi. Asihofu kwamba atakosa kasi, kwani 50 kwa 17 ikizungushwa mara 80 kwa dakika humfikisha karibu kilomita 30 kwa saa.

Asiyekusudia kupanda Usambara asidhani kwamba haya hayamhusu. Pwani yetu ina mlima wake, nao ni upepo. Ukitoka mjini kuelekea Pangani wakati wa kusi, unapigwa usoni karibu njia nzima. Wakati wa kaskazi unakwenda kwa raha, kisha unaukuta unaporudi, ukiwa umekwisha kuchoka.

Ikiwa tayari una baiskeli yenye gia nzito, anza na sproketi za nyuma, maana kubadilisha za mbele kwa kawaida hugharimu zaidi. Angalia mambo matatu kabla ya kutoa fedha. Idadi ya sproketi za nyuma ilingane na ya zamani, kwa kuwa kibadilishia gia kilichopo kwenye usukani kimepimwa kwa idadi hiyo. Kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kiweze kufikia sproketi kubwa mpya, kwani chenye mkono mfupi mara nyingi huishia meno 28 au 30. Cheni nayo iwe ndefu vya kutosha kuzunguka sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja. Ikiwa fupi, siku utakapokosea kuhamisha, itavunja kifaa hicho.

Ukifika Mombo, hamishia cheni kwenye sproketi ndogo ya mbele kabla barabara haijaanza kuinuka, wakati miguu bado inazunguka kwa wepesi, kwa sababu cheni iliyokazwa na uzito wa mwili huhama kwa shida na huweza kuchomoka.