Nairobi hadi New York: hesabu saa, kilomita ziache

Kutoka Nairobi hadi New York ni karibu kilomita 11,800 kwa njia ya anga. Hiyo ni namba ya kujivunia kwenye maongezi, ila haitakusaidia kupanga safari. Ndege ya moja kwa moja, ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 2018, huchukua takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi. Saa moja hiyo inaliwa na upepo: huko juu unavuma kwa nguvu kutoka magharibi, kwa hiyo ukienda ndege inakabana nao, ukirudi unaisukuma. Ukiunganisha ndege Doha au Amsterdam, jiandae kwa saa ishirini na kitu.

Sasa chukua tiketi uisome polepole, maana sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili ndio tunaonaswa hapa. Ikiandikwa Jumanne 00:30, maana yake ni saa sita na nusu, usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Uwanjani unatakiwa Jumatatu, saa tatu usiku. Atakayejitokeza Jumanne usiku na masanduku yake na ndugu wa kumsindikiza atakuta ndege ilishaondoka tangu usiku uliopita.

Nairobi haibadilishi saa zake, New York hubadilisha. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, wao wako nyuma yetu kwa saa 7. Miezi mingine, saa 8. Ndiyo maana mtu aliyeondoka saa sita na nusu usiku mwezi wa Januari, akakaa kitini saa 15, hutua saa moja na nusu asubuhi ya siku ileile. Kurudi ni kinyume: ukipaa saa sita na nusu mchana, unafika kesho yake saa nne na nusu asubuhi. Usipange kuingia kazini siku hiyo, hata kama bosi wako ni mwelewa.

Dawa zako zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Pawabenki nayo iwe humo humo, kwani hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini. Vaa viatu vinavyolegezeka, miguu itavimba; inuka utembee kila baada ya saa mbili hivi, na kunywa maji.

Nyama, hata ile iliyokaushwa vizuri na mama, iache nyumbani. Vyakula vingine vitaje kwenye forodha, kwa sababu kuficha kunaleta faini. Na anayekuja kukupokea mtajie muda wa kutua kwa saa za kwao, kisha mwambie asitoke nyumbani haraka: foleni ya uhamiaji yaweza kumaliza saa nzima au zaidi.